Mashine ndogo ya TIG ya bei nafuu: niijaribu vipi kabla ya kuilipia?

Karakana ya Jioni (Mafinga)

Habari zenu wakuu. Kazi yangu ya kila siku ni ya ofisini, ila jioni na mwisho wa wiki hushinda na vyuma katika kibanda kilicho nyuma ya nyumba. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikichomelea kwa fimbo (elektrodi), na kwa mageti, vitanda na fremu za skwea paipu njia hiyo inanitosha kabisa. Sasa nimeamua kutengeneza mashine ya kukamua asali kwa ajili ya mizinga yangu michache, na bati la stenlesi nililonalo lina unene wa milimita 1.2. Fimbo hailiwezi: hata ile nyembamba ya milimita 2 inalitoboa, na pale isipotoboa bati linajikunja. Bati lenye zinki sitaki kulitumia, kwa kuwa asali ina asidi na asidi inakula zinki, kisha zinki hiyo inaishia kwenye chakula.

Muuza vifaa mmoja hapa mjini ana mashine ndogo ya TIG (ile ambayo moto hutoka kwenye ncha ya tungsteni isiyoyeyuka, huku gesi ikifunika mshono) ya inveta, ya kubebwa kwa mkono mmoja, na amekubali niichukue kwa majaribio mwisho wa wiki mradi nimwachie amana. Kibao chake kinasema TIG ampea 10 hadi 160, muda wa kazi asilimia 35 kwa ampea 160, asilimia 60 kwa ampea 122 na asilimia 100 kwa ampea 95, umeme wa volti 230. Inatoa DC peke yake, yaani umeme wa mwelekeo mmoja. Tochi yake (kishikio cha kuchomelea) ina koki ndogo ya gesi pale mkononi, haina kitufe, na mpira wa gesi unatoka moja kwa moja kwenye mtungi bila kupita ndani ya mashine. Bajeti yangu ya mashine ni laki saba, mtungi ukiwa kando.

Naomba ushauri wa mambo mawili. Kwanza, katika siku hizo mbili niijaribu kwa vipimo gani ili nijue kama inanifaa au hainifai? Pili, umeme wa kibanda unatoka nyumbani kwa waya wa milimita mraba 1.5 wenye urefu wa mita 30, je, utaihimili?

---

Fundi Mwanjelwa (Mbeya)

Ndugu yangu wa Mafinga, umefanya vizuri kuomba kuijaribu kwanza. Kabla hujaichukua, nakushauri utafute argoni, yaani gesi ya kukinga mshono na hewa, kwa sababu mashine bila gesi hiyo haitakuonyesha chochote. Huku nyanda za juu mitungi mingi ya argoni husafirishwa kutoka Dar es Salaam, na si kila muuza gesi wa oksijeni anayo. Ukishaipata, soma maandishi yaliyo kwenye mtungi wala usiamini rangi yake, kisha hakikisha regileta (kidhibiti cha gesi) ni ya kupimia lita kwa dakika. Kwa bati lako lita 7 au 8 kwa dakika zinatosha. Ukifungulia kwa nguvu zaidi gesi inavuruga hewa na kuiingiza ndani badala ya kuizuia.

Tochi iwe upande wa hasi, na klempu ya kazi iwe upande wa chanya. Wengi wanaotoka kwenye fimbo huacha waya zilivyokuwa, matokeo yake ncha ya tungsteni inavimba na kuwa kitone ndani ya sekunde chache. Tumia tungsteni ya milimita 1.6, na uchague yenye alama ya kijivu, dhahabu au buluu. Ile yenye alama nyekundu ina thoriamu, ambayo ni ya mionzi, na vumbi lake wakati wa kunoa si la kuvutwa kifuani. Noa kwa urefu, mikwaruzo ielekee kwenye ncha, na ncha yenyewe iwe na urefu wa kama mara mbili ya unene wa tungsteni. Jiwe la kunolea liwe la kazi hiyo tu, kwa sababu chembe za chuma kingine zikibaki kwenye ncha, moto unayumba.

Jaribio la kwanza lisiwe na waya wa kujazia hata kidogo. Kata vipande viwili vya bati lako lilelile, uvisafishe kwa asetoni, uviunganishe kwa kona ya nje ili kingo zigusane, kisha uweke ampea 40 na uziyeyushe kingo hizo ziungane zenyewe. Shikilia ncha ikiwa milimita 1.5 hadi 2 juu ya chuma, tochi ikiwa imelala kidogo kuelekea nyuma, na utazame dimbwi la chuma kilichoyeyuka. Kwenye fimbo dimbwi hilo linafichwa na takataka za moto. Hapa utaliona wazi, linang'aa, likivuta kingo zote mbili kwa pamoja, na mkono wako utajifunza upesi kulifuata. Mshono ukipoa utazame rangi. Dhahabu au rangi ya majani makavu ni kazi nzuri, buluu na zambarau ni dalili kwamba umekaa sana mahali pamoja, na kijivu kilichofifia maana yake joto limezidi au gesi haikufika.

Baada ya hapo shusha ampea hadi 10, uone moto unavyoshika. Mashine nyingi za bei ya chini huandika 10 kwenye kioo lakini moto hautulii mpaka ufike 20, na kwa mtu wa mabati membamba hilo ni jambo kubwa. Hapohapo utaijaribu pia barakoa yako. Barakoa za kujifunga giza zenyewe ambazo ni za bei nafuu hushindwa kuuona moto mdogo wa TIG, zinafunga na kufungua, na jicho linaumia bila wewe kujua. Weka kivuli namba 9 au 10, na ikiwa inapepesa, tumia kioo cha kawaida kisichobadilika.

Kuhusu tochi ya koki, mimi siioni kuwa kasoro kubwa kwa mtu wa kujifurahisha. Gesi ikishafunguliwa inaendelea kutoka mpaka uifunge mwenyewe, kwa hiyo tungsteni inapoa ikiwa imefunikwa. Utapoteza gesi kidogo katikati ya mshono na mshono, basi.

---

Umeme Kihesa (Iringa)

Nitajibu hilo la umeme, na nitalijibu kwa hesabu kwa sababu watu wengi hununua au hukataa mashine hizi kwa hofu tu.

Moto wa TIG unahitaji volti chache kuliko wa fimbo. Kanuni inayotumika kupimia mashine ni volti 10 kujumlisha ampea mara 0.04, kwa fimbo ni volti 20 kujumlisha kiasi hichohicho. Kwa hiyo ukichomelea TIG kwa ampea 45 utakuwa na volti 11.8, sawa na wati 530 hivi kwenye moto. Ukiongeza upotevu wa ndani ya inveta na tabia yake ya kuvuta umeme kwa mapigo, kwenye ukuta utavuta takriban ampea 4 hadi 5. Mashine hiyohiyo ukiitumia kwa fimbo kwa ampea 140, itataka ampea zinazokaribia 30, na hapo plagi ya kawaida ya ampea 13 haihusiki tena.

Waya wako wa milimita mraba 1.5 wenye mita 30, kwenda na kurudi, una ukinzani wa karibu omu 0.7. Kwa ampea 5 utapoteza volti 3 na nusu, jambo ambalo mashine haitalisikia. Kwa ampea 25 utapoteza zaidi ya volti 17, waya utapata joto, na kama ni jioni ambapo umeme wa mtaa umeshuka, mashine itazima au itawaka taa ya hitilafu. Kwa kifupi, kwa stenlesi yako waya huo unatosha ilimradi usiuache umeviringishwa, lakini kama utaendelea kuchomelea mageti kwa mashine hii, vuta waya mnene wenye swichi yake ya kukatia.

Kibao nacho kinaweza kupimwa. Chukua ampea, uzizidishe kwa zenyewe, kisha kwa asilimia ya muda: 160 mara 160 mara 0.35 ni 8,960. 122 mara 122 mara 0.60 ni karibu 8,930. 95 mara 95 ni 9,025. Namba zinaoana, maana yake kibao kimeandikwa na mtu anayeijua kanuni ya joto. Hilo halithibitishi kwamba mashine yenyewe inafika huko, ila nimeona vibao ambavyo namba zake zinapingana zenyewe kwa zenyewe, na mashine za namna hiyo ni afadhali kuziacha dukani. Asilimia hizo ni za dakika 10: asilimia 35 ni dakika 3 na nusu za moto na dakika 6 na nusu za kupumzika.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa huku juu ambalo wauzaji hawalitaji. Kiwango cha kimataifa cha mashine za kuchomelea, IEC 60974-1, kimewekwa kwa mwinuko usiozidi mita 1,000 na joto la hewa lisilozidi nyuzi 40. Iringa mjini tuko kati ya mita 1,500 na 1,600, Mbeya iko kwenye 1,700 hivi, na Mafinga iko juu zaidi ya hapo. Hewa ni nyepesi, feni inapuliza lakini inabeba joto kidogo. Kinachotuokoa ni baridi yetu, kwa kuwa hewa ya nyuzi 15 inafidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Kwa ampea 45 usiwe na wasiwasi. Kwa ampea 140 za fimbo, ipe mashine mapumziko marefu kuliko kibao kinavyosema.

Na kama umeme ukikatika ukafikiria jenereta, kumbuka kwamba injini ya petroli hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Kwa Mafinga, jenereta iliyoandikwa kilowati 5 itakupa kama 4.

---

Tukuyu Kwetu (Rungwe)

Naomba kuuliza hapohapo, samahani mwenye mada. Huku kwetu Rungwe kaboni dioksidi ya asili inatoka ardhini na inavunwa kiwandani. Kwa nini tusiitumie hiyo badala ya kusubiri argoni ya Dar es Salaam? Pia, mashine kama hii inaweza kuziba sufuria za alumini?

---

Fundi Mwanjelwa (Mbeya)

Ndugu wa Tukuyu, kaboni dioksidi inafaa kwa mashine za waya unaojisukuma wenyewe, tena kwa chuma cha kawaida. Kwenye TIG haifai kabisa. Katika joto la moto huo inatoa oksijeni, na tungsteni, ambayo ikiwa imefunikwa na argoni inavumilia mpaka nyuzi 3,400 hivi, inaungua mara moja ikikutana na oksijeni. Hata mchanganyiko wa argoni na kaboni dioksidi ambao wenye mashine za waya wanao usiujaribu. Ni argoni tupu.

Alumini inakataa kwa sababu nyingine. Juu yake kuna ngozi nyembamba ya oksidi inayoyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000, ilhali alumini yenyewe chini ya ngozi hiyo inayeyuka kwenye nyuzi 660. Kuivunja ngozi hiyo kunahitaji mashine inayotoa AC (umeme unaobadilisha mwelekeo), na hizo bei yake ni nyingine. Mashine ya DC peke yake uihesabu kuwa ni ya chuma na stenlesi.

---

Mama Vyuma (Njombe)

Kaka wa Mafinga, hongera kwa wazo la mashine ya asali. Mimi nashughulika na vyombo vya maziwa vya stenlesi, na ningependa uangalie upande ambao wenzangu hawajaugusa, yaani upande wa ndani wa mshono.

Unapochomelea bati la milimita 1.2 joto linatokeza upande wa pili, na huko hakuna argoni. Stenlesi iliyoyeyuka ikikutana na hewa inafanya magamba meusi yenye vishimo. Kwa geti hilo halina neno. Kwa chombo cha asali, kila kishimo ni mahali pa uchafu kujificha, na hakuna brashi inayofika humo. Baada ya muda kutu nayo inaanzia hapohapo. Dawa yake ni kuipeleka argoni nyuma ya mshono: bandika utepe wa alumini kwa ndani ili upate mfereji, ingiza mpira wa pili wa gesi, na uache hewa ifukuzwe kabla ya kuanza. Kwa hiyo hesabu ya gesi inabadilika. Mtungi wa lita 10 uliojazwa kwa shinikizo la bari 150 una lita 1,500 za argoni; kwa lita 8 kwa dakika ni kama saa tatu, na ukigawa na upande wa nyuma zinapungua sana. Mtungi wa lita 50 uliojazwa bari 200 una lita 10,000, na kwa kuwa gesi yenyewe inatoka mbali, naona ni afadhali kuchangia mmoja na fundi jirani kuliko kuhangaika na vidogo.

Bati lenyewe ulihakikishe pia. Sumaku itakutengea stenlesi ya daraja la 430, ambayo inanasa, lakini haitakutengea 201 na 304, kwa kuwa zote mbili hazinasi au zinanasa kidogo tu zikishakunjwa. Kwa chakula unataka 304, na waya wa kujazia uwe 308L. Muulize aliyekuuzia, na ikiwezekana uone maandishi yaliyopigwa kwenye karatasi ya bati.

Sasa naomba nipingane kidogo na fundi wa Mwanjelwa kuhusu tochi ya koki. Tochi isiyo na kitufe haina namna ya kuupunguza moto polepole. Ili kuuzima lazima uinyanyue tochi, na ukiinyanyua unaondoka na gesi wakati chuma kingali chekundu, huku ampea zikiwa bado 40. Mwisho wa mshono unabaki na kishimo, na ufa huanzia humo. Kwa mshono ulionyooka unaweza kuupeleka moto ukaumalizia kwenye kipande cha bati kilichowekwa pembeni, kisha ukakikata. Lakini sehemu ya chini ya pipa la asali ni duara, mshono unarudi pale ulipoanzia, na hakuna ukingo wa kukimbilia. Kishimo kitabaki kwenye chombo, tena kwenye kona ambako asali inakaa.

Nimalizie na usalama, kwa sababu Mafinga ni mji wa mbao. TIG haina cheche nyingi, lakini kama kibanda chako kina vumbi la mbao, kifagie na ukae na ndoo ya maji karibu. Usifunge kila mahali kwa kukimbia upepo, maana argoni ni nzito kuliko hewa, inakaa chini na haina harufu; zuia upepo kwa pazia upande mmoja na uache mlango wazi. Upepo wa kilomita 8 kwa saa unatosha kuipeperusha gesi ya kwenye tochi. Na kamwe usisafishe bati kwa kile kisafishio cha breki chenye klorini, kwa sababu mwanga wa moto wa kuchomelea ukikutana na mvuke wake unaweza kutoa fosijeni, gesi ya sumu inayoharibu mapafu.

---

Karakana ya Jioni (Mafinga)

Nawashukuru sana, wakuu, nimefuata maelekezo na nimepata majibu yangu.

Argoni nilipata kwa kuazima mtungi mdogo kwa fundi wa hapa. Kwa ampea 10 moto uliwaka lakini ulitangatanga juu ya bati, ukaanza kutulia kwenye 15, na kuanzia 20 ulikuwa kama uzi. Kona ya nje kwa ampea 40 ilitoka vizuri kuliko nilivyotarajia: mshono mwembamba, wa rangi ya dhahabu, bati halikujikunja, na ncha ya tungsteni ilibaki nyeupe inayong'aa. Volti za kibandani nilizipima saa mbili usiku na mashine ikiwa inafanya kazi, nikasoma 209, na haikuzima wala kuyumba. Barakoa yangu ilifunga vizuri kwenye 40, ila kwenye 15 ilipepesa kweli, kwa hiyo ampea ndogo nilizijaribu kwa kioo cha kawaida.

Kisha nikafanya jaribio la Mama Vyuma. Nilikunja ukanda wa bati ukawa mduara wa ukubwa wa sufuria, nikakata kitako cha kuuziba na kuuchomelea kuzunguka. Mzunguko wote ulikuwa mzuri isipokuwa pale unapofungia. Pale palibaki kishimo chenye ukubwa wa kichwa cha pini, kingo zake za kijivu, na nilipojaza maji na kuuweka juu ya karatasi kavu, karatasi ikalowa hapohapo. Nilirudia kwa kuinyanyua tochi upesi na kuirudisha ili gesi ifunike. Kishimo kikapungua, lakini hakikwisha. Upande wa nyuma ambao sikuupelekea gesi ulikuwa mweusi wa kukwaruza, na pale nilipoweka utepe na mpira wa pili ulikuwa mweupe.

Mashine yenyewe sina la kuilaumu, na mtu wa fremu za baiskeli au samani ningemwambia ainunue. Kwa kazi yangu nimeirudisha. Muuzaji anaagiza nyingine yenye kitufe kwenye tochi, gesi inayopita ndani ya mashine, na kupunguza moto polepole. Bei inazidi bajeti yangu, na nimeamua kuahirisha mtungi mkubwa ili nifidie. Fundi wa hapa amekubali tuchangie wake. Swali langu la mwisho ni hili: hiyo mashine ya kitufe niipange vipi kwa ajili ya ule mshono wa duara?

---

Fundi Mwanjelwa (Mbeya)

Mama Vyuma amesema kweli kuhusu duara, na jaribio lako limeonyesha. Ikifika, weka muda wa kushuka kwa moto uwe sekunde 3 au 4, na gesi ya baada ya moto iwe sekunde 6 kwa kuanzia. Ukirudi pale ulipoanzia usisimame. Pita juu ya mwanzo wa mshono kwa kama milimita 10, hakikisha umeuyeyusha tena, ndipo uachie kitufe huku ukiendelea kusogea polepole, na dimbwi litakuwa linapungua mbele ya macho yako mpaka liishe. Mkono usiondoke hapo hadi gesi ikatike yenyewe. Ukiona ncha ya tungsteni imekuwa ya buluu au nyeusi, ongeza sekunde mbili za gesi.